Muadibu arejea barazani

Kuna kitabu kimoja cha Kimarekani ambacho mtu wa Pwani aliyepitia chuoni hukisoma akaona mengi asiyoyaona Mmarekani mwenyewe. Kitabu hicho ni Dune, alichokitoa Frank Herbert mwaka 1965, nacho vijana wetu wengi wanakijua kwa filamu mbili za Denis Villeneuve, ya mwaka 2021 na ya mwaka 2024. Wao waliona mchanga, waliona vyombo vya angani vyenye mabawa ya kereng'ende, na mnyama mkubwa atokaye ardhini mfano wa mlima ulioamka usingizini. Sisi tuliokutana na kitabu hiki kabla hatujaota ndevu tuliona kitu kingine. Tuliona maneno yetu.

Kwa msomaji asiyekijua, kisa chenyewe kwa ufupi ni hiki. Kuna sayari iitwayo Arrakis, yote ni jangwa. Huko, na huko peke yake, hupatikana kiungo chenye harufu ya mdalasini, ambacho hurefusha umri na kuwawezesha manahodha wa angani kuongoza vyombo vyao baina ya nyota. Kwa ajili ya kiungo hicho wafalme na mamwinyi wa ulimwengu huo wanachinjana. Kijana Paul Atreides, baba yake akiwa ameuawa kwa hiana, anakimbilia jangwani na mama yake. Wenyeji wa jangwa, Wafremeni, wahesabuo maji tone kwa tone, wanampokea, wanamwita Muad'Dib, na hatimaye wanamwona kuwa ndiye Mahdi waliyekuwa wakimngojea. Akiwa nao anampindua mfalme wa nyota zote.

Mimi nilikinunua mwaka 1986, mwaka uleule aliofariki Herbert, ingawa habari hiyo sisi hatukuwa nayo. Nilikuwa na miaka kumi na sita. Muuza vitabu vikuukuu alikuwa ametandaza gunia lake kando ya njia, Makadara, na kitabu kilikuwa hakina jalada. Huenda kiliachwa na baharia, maana zama hizo manowari za Kimarekani zilikuwa zikitia nanga Kilindini mara kwa mara. Tulikuwa marafiki watatu na kitabu kimoja, na subira hatukuwa nayo. Tukakipasua vipande vitatu kwa kisu cha jikoni, kila mtu akasoma chake kisha tukabadilishana. Mmoja wetu alianza na mwisho, akawa kila siku anatutishia kuutoboa.

Ama wazimu uliotushika, msomaji, ulikuwa wazimu kweli. Baraza yetu ya Mji wa Kale tuliiita Sichi, kwa jina la makao ya Wafremeni mapangoni. Sahibu yangu mmoja alijiita Usuli. Wa pili alipewa jina la Stilgari, mkuu wa Wafremeni, kwa sababu maalumu: katika kitabu Stilgari humtemea mate mbele ya meza bwana mkubwa, na huko kwao kumpa mtu maji ya mwili wako ni heshima kubwa. Sahibu yetu akajaribu heshima hiyo mbele ya babu yake, akaambulia kofi ambalo Mji wa Kale mzima ulilisikia. Jina la Muadibu hakupewa mtu, kwa kuwa kila mmoja alilitaka.

Na maji! Mifereji ikikauka, tukitumwa na mitungi kwenda kumngoja mwenye mkokoteni wa maji, sisi tulikwenda kwa fahari. Tulikuwa Wafremeni. Mama zetu walishangaa watoto waliokuwa wakinung'unika wamekuwaje, kumbe twahesabu vikombe.

Wala asidhani mtu kwamba mambo ya anga yalikuwa mbali nasi. Ngomeni, kaskazini ya Malindi, Waitaliano walikuwa na jukwaa lao la San Marco lililosimama baharini, na kati ya mwaka 1967 na mwaka 1988 vilirushwa hapo vyombo tisa vikaingia njia ya kuizunguka dunia. Kimoja, kilichorushwa tarehe 12 Disemba 1970, kilipewa na msimamizi wake, bibi mmoja wa Kimarekani aitwaye Marjorie Townsend, jina la Uhuru, kwa kuwa siku hiyo ni sikukuu yetu ya uhuru. Kilikuwa chombo cha kwanza kutengenezwa mahususi kwa kuchungulia miale ya eksirei kutoka kwenye nyota, na wanafalaki hawajakisahau. Basi kijana wa Pwani wa miaka ile akisoma habari za safari za nyotani, hakuwa akisoma habari za watu wa mbali. Wavuvi walikuwa wakiambiwa waondoe ngalawa zao ili roketi ipite.

Mapenzi ya mambo ya ajabu, kwa hakika, hatukufundishwa na Wazungu. Kabla ya Dune tulikuwa na Alfu Lela Ulela, tulikuwa na Sindbadi na kisiwa chake ambacho kumbe ni samaki, tulikuwa na Adili na Nduguze ya Shaaban Robert ya mwaka 1952. Katika karne ya kumi na tatu al-Qazwini aliandika kitabu kizima cha maajabu ya viumbe. Sisemi habari za dini hapa. Hizo ni imani na hizi ni ngano, na chuoni tulifundishwa mapema kutochanganya kapu.

Ndiyo maana tulikwenda kwa maalim wetu kwa hofu. Mwishoni mwa Dune mna faharasa ya maneno, nasi tulikuwa tumeona humo maneno tuliyoyajua kwa fimbo: fiqhi, ilmu, aya, burhani, karama, ulamaa, sharia, haji, Ramadhani. Sirati imo. Tulitaka kujua kama ni dhambi. Maalim alivaa miwani yake, akapitisha kidole taratibu kwenye ukurasa, sisi tukimfasiria Kiingereza. Alipofika kwenye "bila kaifa" akasimama. Hayo, kwa asiyejua, ni maneno ya wanavyuoni wa Tauhidi, yasemwayo pale mtu anapotaka kuuliza namna ya sifa za Mwenyezi Mungu: tunaamini, bila ya kuuliza vipi. Ni mas'ala ambayo Imam Malik aliulizwa na jibu lake likabaki vitabuni. Katika Dune yamefanywa kuwa ni kama kusema amina. Maalim alicheka hadi machozi yakamtoka. "Huyu Mzungu," akasema, "kasoma Tauhidi kwa nani?" Kisha akatupa amri moja tu, kwamba wakati wa Kurani ni wa Kurani, akaturudishia kipande chetu.

Baadaye dunia ikatutawanya. Usuli aliingia kazi ya ukarani bandarini. Mimi nikashika kalamu ya magazeti na ya mashairi. Stilgari akaenda Ghuba, mpaka leo aendesha lori Abu Dhabi, na theluthi ya mwisho ya kitabu aliondoka nayo sandukuni. Theluthi mbili zilizobaki zililiwa na mchwa nyumbani kwetu. Kwa zaidi ya miaka thelathini sikukisoma kitabu hicho wala hadithi nyingine ya namna hiyo. Mtu akishakuwa na watoto na karo, na watu wanamwita mzee wakimwona, mambo ya sayari huyaweka kando pamoja na gololi.

Mwaka 2022 sukari ilimaliza macho ya Usuli. Mtu aliyekuwa akisoma hata karatasi ya kufungia karanga, sasa hupelekwa msikitini kwa kushikwa mkono. Mwaka 2024 watoto wake walikuwa wakitazama ile filamu ya pili sebuleni, naye amekaa pembeni asijue ni nini, mara akasikia umati ukipiga kelele: Lisan al-Gaib! Alinipigia simu usiku uleule. Hakunisalimu. "Yakhe," akasema, "wamerudi."

Akataka nimsomee kitabu, chote, tangu mwanzo. Na akataka kwa Kiswahili, kwa sababu mkewe na bintiye mdogo wangesikiliza, na kwa sababu, alivyosema, Kiingereza siku hizi hakimkai sikioni. Binti yangu akaninunulia nakala mpya Nairobi. Basi tangu wakati huo, siku nne kwa juma, baada ya Alasiri hadi karibu na Magharibi, nakaa na Usuli barazani kwake nikifasiri papo kwa papo, na kijana mmoja wa nyumba hiyo hunasa sauti kwa simu akampelekea Stilgari, ambaye huisikiliza ndani ya lori. Hutujibu. Filamu hizo, kwa sehemu yake, zilipigwa kwenye mchanga wa Abu Dhabi na wa Jordan, na Stilgari asema mchanga huo anaujua, si wa kuchezea.

Hapo ndipo nilipoanza kukiona kitabu upya, kwa kuwa kufasiri ni kulishika neno mkononi na kuligeuza. Herbert anasema Wafremeni humwita Muad'Dib panya mdogo wa jangwani ambaye wanamheshimu kwa kujua kuishi pasipo maji, wakamwona kuwa ni mwalimu wa vijana. Msomaji wa Kiingereza hupita hapo asihisi kitu. Mtu wa Pwani haelezwi. Muadibu ni mwenye kuadibu, mtia watu adabu. Binti ya Usuli, mwenye miaka kumi na mmoja, alilifahamu kabla sijamaliza sentensi. Usuli vilevile: jina la siri la Paul, lenye maana ya msingi wa nguzo, na huku kwetu nani asiyejua usuli ni nini. Shai-Hulud, jina la yule mnyama, kwa Kiarabu ni kitu cha milele. Lisan al-Gaib Herbert amelieleza kuwa sauti itokayo ulimwengu wa nje, lakini neno kwa neno ni ulimi wa ghaibu, nalo ni lakabu ya Hafidh wa Shirazi, mshairi. Mimi mtu wa mashairi nilipolikuta tena, baada ya miaka yote hiyo, niliona kama nimekutana na jamaa yangu kavaa nguo za watu.

Si kila neno limekaa sawa. Adabu katika faharasa ile imefanywa kuwa ni kumbukumbu ya ghafla imjiayo mtu bila ya kuitwa. Hiyo si adabu ninayoijua mimi. Lakini mtu huyu alikuwa amesoma. Kitabu cha Wafremeni kinaitwa Kitab al-Ibar, jina la historia ya Ibn Khaldun, yule wa Tunis aliyeishi kati ya mwaka 1332 na mwaka 1406 na akaeleza jinsi watu wakali wa jangwani wanavyouteka mji, kisha raha za mji zinavyowateka wao. Mengine aliyatoa katika kitabu cha Lesley Blanch cha mwaka 1960, kinachosimulia vita vya Imam Shamil wa Dagestani na Warusi. Tena alikuwa mwandishi wa magazeti, na yote haya yalimwanza mwaka 1957 alipokwenda Oregon kuandika habari za serikali inayopanda majani ili kuzuia vilima vya mchanga visihame. Makala yenyewe haikuchapishwa. Kitabu nacho kilikataliwa na wachapishaji zaidi ya ishirini, kikaja kuchukuliwa na kampuni iliyojulikana kwa vitabu vya kutengeneza magari. Nilipomsomea Usuli habari za vilima vya mchanga, yeye ambaye mama yake ni wa Lamu alinikatiza: "Shela." Na ni kweli. Mji wa Lamu hupata maji yake matamu chini ya vilima vya mchanga vya Shela. Herbert angelipajua mahali hapo asingelala.

Neno moja limetushinda, nalo ni jina la kawaida la mnyama yule. Kiingereza kinamwita mnyoo wa mchangani. Nilipolisema mara ya kwanza, mke wa Usuli aliyekuwa akileta kahawa aliangua kicheko. Mnyoo, bwana, ni wa tumboni, mtoto hupewa dawa. Nyungunyungu ni wa bustanini. Usuli alitaka joka, lakini joka lina macho na ndimi, na huyu hana ila kinywa. Kwa sasa twasema nyangumi wa mchanga, ingawa hainiridhishi. Mwenye neno bora na atuletee, khasa wazee wa Siyu na Pate.

Neno lililotugombanisha ni jingine. Katika kitabu, Paul anaogopa jihadi ambayo anaiona mbele yake katika ndoto, majeshi yakitapakaa nyotani kwa jina lake. Neno liko wazi, limeandikwa mara nyingi. Katika filamu halimo. Wamesema kwa Kiingereza vita vitakatifu. Usuli akaona wamefanya vyema. "Neno hilo," alisema, "Pwani hii limewatia vijana mashakani, wengine mama zao mpaka leo hawajui walipo. Waliache." Mimi sikukubali, wala sasa sikubali. Ukiliondoa neno kwa kuliogopa, umekiri kwamba maana yake ni ile tu wanayoijua wanaoliogopa. Tulizozana hadi kahawa ikapoa. Siku ya pili nikasoma jihadi kama ilivyoandikwa, na binti mdogo akauliza kama ni sawa na juhudi, ile ambayo mwalimu huandika kwenye ripoti ya shule. Baba yake alikaa kimya, kisha akamwambia ndiyo, mama yao mmoja. Jihadi, juhudi, jitihada, na mwanachuoni mujtahidi, vyote shina moja, na Kiswahili kimevihifadhi vyote, ilhali kitabu kimechukua kimoja tu. Tangu hapo Usuli hajalipinga tena neno hilo, ila kila ninapolitaja hugonga fimbo yake sakafuni mara moja.

Kuna kijana mmoja wa msikitini, mtu mwema, aliyekuja kutunasihi. Alisema haifai wazee kusoma ngano za makafiri zenye maneno ya dini. Usuli alimjibu kwa upole: "Mwanangu, Kurani naisikiliza tangu Alfajiri. Saa moja hii nataka nitembee, na miguu ya kunipeleka mbali sina." Kijana alikaa akasikiliza mlango mzima. Hakurudi tena, lakini nimesikia aliuliza watu Paul aliponaje.

Tulikimaliza kitabu cha kwanza, tukaingia cha pili, kilichotoka mwaka 1969. Herbert alisema zaidi ya mara moja kwamba alitaka kuwaonya watu na viongozi wenye mvuto, na humo onyo limevuliwa nguo. Muadibu sasa ni mfalme, na waliouawa katika vita vyake ni bilioni 61. Usuli aliniomba nirudie hesabu hiyo. Nikairudia.

Lakini jambo lililonitia tumbo joto lilikuwa mbele zaidi, nililolikuta usiku nilipokuwa nikitayarisha usomaji wa kesho. Paul anapofushwa. Silaha inateketeza macho yake. Kwa muda anaona kwa njozi zake, kisha nazo zinamtoka. Na desturi ya Wafremeni ni kwamba kipofu hupelekwa jangwani akaachwa huko. Paul anaifuata sheria hiyo. Anatoka peke yake, usiku, kwa miguu.

Nilikawia siku tatu bila ya kwenda. Siku ya nne Usuli akanipigia simu: "Umefika mahali gani usipotaka kunifikisha?" Nikaenda, nikasoma yote, sikuruka neno. Mkewe aliondoka katikati akaingia ndani. Nilipomaliza, adhana ya Magharibi ilikuwa imekaribia na wapitaji walikuwa wakitusalimu bila ya kupata jibu. Usuli alikuwa ameishika fimbo yake kwa mikono miwili.

"Hawa watu," akasema hatimaye, "wana Mahdi, wana sharia na ulamaa. Ibn Ummi Maktum hawana."

Alikuwa akimkusudia sahaba yule kipofu aliyekuwa mmoja wa waadhini wa Mtume, na ambaye Mtume alipokuwa safarini alimwachia kuuangalia mji wa Madina. Nami nikamkumbusha Abul-Ala al-Ma'arri wa Sham, kipofu tangu utotoni, ambaye takriban mwaka 1033 alitunga kisa cha safari ya akhera, mtu akizungumza na washairi peponi na motoni, miaka mia tisa na zaidi kabla ya Herbert. Usuli akasema huyo ningemsomea kwanza. Kisha akauliza kama Paul alikufa. Nikamwambia kitabu hakisemi.

"Basi yuko cha tatu."

Cha tatu ni cha mwaka 1976, na Mombasa sijakipata. Stilgari amekiona huko aliko, amempa mtu ajaye likizo. Kwa sasa twapitia faharasa neno kwa neno, mimi nikisema la Kiingereza na binti mdogo akitafuta la Kiswahili. Tumefika herufi ya S. Kesho ni Ijumaa, hatusomi. Sirati itakuwa Jumamosi.